Mwezi wa Zahoro

Habari ya kufa kwa Zahoro ilinikuta dukani nikichagua balbu. Aliyenipigia simu ni binti yake, Mwanahawa, ambaye sikuwa nimemtia machoni tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na sauti yake ilikuwa tulivu kiasi kwamba mwanzoni nilidhani nalikwa harusini. "Ami Bakari, baba ametangulia. Tunazika leo Pangani, baada ya alasiri." Nilimwambia nakuja, nikalipa, nikaiacha balbu pale pale kwa muuzaji. Njia nzima kutoka Tanga hadi Pangani nilijaribu kumpata Zahoro wa miaka ya karibuni, mwenye kitambi na ndevu za mvi, fundi wa simu anayeheshimika mtaani kwake, nikashindwa. Aliyenijia ni yule wa Chumbageni, mwembamba, singlendi imetoboka begani, ameinamia kompyuta na kuniambia nisipige chafya maana vumbi litaingia kwenye lenzi. Tulikaa pamoja mwaka mmoja tu. Ya wazazi wangu, ya kijijini kwetu na ya shule nilizosoma nitayaacha, kwa kuwa hayamhusu yeye, na ninayetaka kumweleza ni yeye.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nafundisha fizikia kwa muda huku nikingoja chuo. Zahoro alikuwa mpiga picha wa studio: picha za paspoti, maharusi, watoto waliokalishwa kwenye kochi wakaangua kilio. Tulipanga chumba kimoja uani kwa Bi Mashavu, nyumba ya zamani yenye kuta nene zilizotunza joto la mchana hadi alfajiri. Palikuwa na vitanda viwili, katikati meza, na juu ya meza kompyuta kubwa yenye kichogo ambayo mwenye studio alimwachia Zahoro kwa sababu ilikuwa ikizimika kila ikipata moto. Tulipokezana kuipepea kwa pepeo la ukili, lile lile alilopepelea Bi Mashavu jiko lake la mkaa, na kila akilikosa jikoni alijua pa kulitafuta. Bi Mashavu alikuwa mjane wa mjini hasa, mpishi wa kuuza: asubuhi vitumbua, jioni mihogo ya nazi na samaki wa kukaanga. Sisi tulikula yaliyobaki, na nakiri kuwa sijala tena mihogo kama ile, ingawa nimekula kwenye hoteli zenye vitambaa mezani. Dirisha letu lilifunguka uani, kwa hiyo kila kilichosemwa jikoni kilitufikia. "Hawa vijana wangu," nilimsikia akimwambia jirani yake, "wengine wanakesha kwa wanawake, wao wanakesha kwa nyota. Sijui nishukuru, sijui nisomeshe dua."

Mambo ya nyota yaliingia kwa bahati. Mgeni mmoja aliyekuwa akitafiti matumbawe aliondoka, akamwachia Zahoro lenzi ndefu kama bomba la maji pamoja na stendi ya miguu mitatu. Zahoro alikuwa na mkono na jicho, mimi nilikuwa na vitabu. Nilijua sayari ipi inatokea wapi na msimu gani, yeye alijua namna ya kuifanya ikae kwenye picha bila kutikisika. Tukawa tunatoka nje ya mji, kwenye mashamba ya mkonge, ambako taa hazifiki. Kamera ikiachwa wazi kwa muda inakusanya mwanga ambao jicho haliwezi kuukusanya, na ukiipeleka picha kwenye kompyuta unaweza kuuvuta ule mwanga, yaani kuuinua, mpaka kilichokuwa kivuli cha kijivu kikawa kitu. Neno letu lilikuwa hilo, kuvuta. Ugomvi wetu wote wa mwaka ule ulikuwa juu ya kuvuta kiasi gani. Mimi nilitaka mtu akitazama picha aone kile ambacho angekiona kama angesimama pale tuliposimama. Zahoro alitaka aone kile ambacho angekikosa.

Namkumbuka akiumaliza kwenye kompyuta mkanda wa nyota wa Njia ya Maziwa, zambarau upande huu, rangi ya chungwa upande ule, na katikati mweupe kama tui. Nilimwambia mbingu ile haipo Tanga wala mbinguni kwenyewe. "Ipo," alijibu bila kugeuka. "Mwanga umeingia kwenye kamera, sikuutia mimi. Miye nauvuta tu." Nikamwambia anatia chumvi. Akasema mchuzi usio chumvi anaupenda mgonjwa. Nilipozidi kubisha akanitaka nivue miwani. Nilikuwa na miwani mizito tangu shule ya msingi, na bila ya hiyo siwezi kumtofautisha mbuzi na ndoo. "Vua, halafu toka uani unieleze mbingu ilivyo kweli." Nikavua, nikatoka, nikatazama juu, palikuwa na ukungu tu. "Haya, hiyo ndiyo kweli yako," alisema kutoka dirishani. "Kumbe na weye unavuta, ila unavutia puani." Bi Mashavu alicheka mpaka akaketi. Jibu nililopata baadaye lilikuwa refu mno, likaonekana ni la mtu aliyeshindwa.

Picha iliyotutia doa ilikuwa ya Pangani. Alipiga nyumba za zamani za kando ya mto jioni moja, mbingu akaichukua ya kule mashamba ya mkonge, ya mwezi mwingine kabisa, akaziunganisha. Ilikuwa nzuri. Nasema leo bila kinyongo kuwa ilikuwa nzuri kuliko chochote nilichowahi kupiga mimi. Lakini Kilimia, lile kundi la nyota, kilikaa upande wa kusini, pale ambapo hakijawahi kukaa tangu dunia iumbwe, na mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia mwenye umri wa miaka ishirini na kitu. Mwenye nyumba ya wageni mmoja aliinunua akaitundika mapokezi. Siku ya kutundikwa tulialikwa soda, na mzee mmoja mvuvi aliyeleta samaki jikoni alisimama mbele yake, akaitazama, akasema kwa upole kabisa, "Anayeifuata nyota hii atafika Mombasa akitafuta Unguja." Watu walicheka, Zahoro naye akacheka, lakini nilimwona akirudisha soda mezani kabla hajaimaliza. Mimi ndiye niliyelirudia neno lile mjini. Nililiona la kuchekesha, na tena lilikuwa upande wangu. Kabla ya mvua za vuli, Chumbageni nzima ilikuwa ikimwita Zahoro "mpaka rangi mbingu", yaani mtu wa kuipaka mbingu rangi.

Hapo ndipo nilipochelewa kuelewa. Nilidhani Zahoro anapenda kusifiwa, kumbe alichokitaka ni kuaminiwa. Alianza kunieleza picha zake bila kuulizwa: hii sikuunganisha, hii nimevuta kidogo tu, hii iko kama ilivyotoka. Akileta picha mpya baraza la kahawa, wazee waliuliza kwanza, "Hii ya kweli au ya kwako?" na yeye alijifanya hajali. Usiku mmoja tukila mkate wa kumimina wa jana yake aliniambia, "Bakari, ipo siku nitapiga kitu kimoja wakikubali wote." Nikamjibu apige kitu kilichopo basi. Nilikuwa na majibu mengi mwaka ule.

Ramadhani ilituingilia katika hali hiyo. Chumba kilijaa harufu ya mapishi ya Bi Mashavu kuanzia alasiri, kaimati, tambi, uji wa pilipili manga, na sisi tumelala chali tukihesabu nyufa za dari. Siku ya ishirini na tisa, Zahoro alinishika mkono nikitoka msikitini. Alikuwa amepata ruhusa ya kupanda kwenye paa la ghorofa moja la jirani, na kutoka pale magharibi ilikuwa wazi mpaka milima ya Usambara. Ukisikia watu wa bara wakisema sisi wa pwani tunautafutia mwezi baharini wanatuonea. Bahari yetu iko mashariki, na mwezi mwandamo tunautafuta juu ya migongo ya wakulima wa milimani. Nilikuwa nimekwisha piga hesabu. Mwezi wa jioni ile ungekuwa mchanga mno na ungezama muda mfupi tu baada ya jua. Nilimwambia unaweza kuwepo usionekane. Akasema, "Kama upo, kamera itauona."

Tulifungua kwa tende na maji kule kule juu ya paa. Magharibi palikuwa na mstari wa mawingu, na juu yake wazi, rangi ya maji ya mchele. Zahoro alipiga picha moja baada ya nyingine huku akisogeza lenzi kidogo kidogo. Kisha akaiacha lenzi pale pale. "Huu hapa." Nilitazama kioo cha kamera: palikuwa na uzi mweupe, mwembamba kuliko unywele wa mtoto, ambao mtu angeweza kuudhania mkwaruzo. Nikapiga hesabu ya haraka kwa milima na kwa Zuhura iliyokuwa imekwisha toka, na uzi ulikuwa pale pale ulipotakiwa kuwa. Ulikuwa mwezi. Sijawahi kulitilia shaka hilo, hata leo. Tuliinua nyuso zetu kutoka kwenye kioo tukatazama mbinguni, sote wawili, mahali pale pale. Nilifuta miwani kwa kanzu nikatazama tena. Sikuona kitu. Zahoro alisema, taratibu, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Nauona." Nikamuuliza wapi. Akanyoosha kidole. Nilifuata kidole mpaka wingu likafika, na hapakuwa na kitu kwa macho yangu. "Ukijua pa kutazama, unauona," alisema. Hilo ni kweli pia, kila anayetazama nyota analijua: kitu hafifu huonekana kwa aliyekwisha ambiwa kipo. Isipokuwa huwezi tena kujua kama unakiona au unakikumbuka.

Tuliteremka mbio. Chumbani aliwasha kompyuta, nikapepea, akauvuta ule uzi mpaka ukawa mwezi hasa, na akaupa rangi kidogo ya dhahabu. Nilimwambia rangi ya nini. "Uonekane tu kwenye karatasi." Akachapa, tukaenda kwa Shehe Rajabu, mzee aliyepokea mashahidi wa mtaa wetu na kupeleka habari juu. Barazani kwake sahani za futari zilikuwa bado hazijaondolewa, na wanaume walikuwa wamekaa kuzunguka redio iliyokuwa haijasema lolote. Tulisema shikamoo, tukaitikiwa. Mtu mmoja alinong'ona kwa nguvu ili asikike, "Si yule mpaka rangi mbingu?" Zahoro hakumtazama. Alipiga goti, akaiweka picha mbele ya Shehe kwa mikono miwili, akasema, "Shehe, mwezi umeandama."

Shehe Rajabu aliichukua ile karatasi akaisogeza kwenye taa, akaitazama kwa muda mrefu na kwa heshima, halafu akailaza kifudifudi juu ya mkeka. "Picha nzuri, mwanangu. Lakini picha haili yamini. Uliuona kwa jicho lako?"

"Niliuona, Shehe."

"Ulikuwaje?"

"Mwembamba sana. Umelalia upande wa kusini."

"Rangi?"

"Kama dhahabu," alisema Zahoro.

Uzi niliouona kwenye kioo ulikuwa mweupe. Dhahabu ilitiwa chumbani, mimi nikipepea. Nikajisemea kwamba hasemi alichokiona juu ya paa, anasema alichokitengeneza. Ndivyo nilivyoamua, kwa haraka ya mwalimu anayesahihisha daftari. Shehe alitikisa kichwa. "Mwezi wa kufungia, shahidi mmoja mwadilifu ananitosha. Wa kufungulia nataka wawili, ndivyo tulivyofundishwa." Akanigeukia. "Na wewe mwalimu ulikuwa naye?" Nikasema nilikuwa naye. "Uliuona?"

Redio ilizimwa. Zahoro alinitazama, na sikuona vitisho wala maombi usoni mwake, aliningoja tu, kama mtu aliyekwisha jua rafiki yake atasema nini na amefurahi tayari. Nikasema, "Niliuona kwenye kamera. Kwa jicho sikuuona." Mtu alicheka nyuma yangu. Mwingine akasema, "Mzee wa rangi!" na baraza zima likalipuka. Shehe aliwanyamazisha kwa mkono, na maneno aliyomwambia Zahoro baada ya hapo yalikuwa ya huruma, ingawa ndiyo yaliyommaliza. "Mwanangu, siwezi kuwafungulia watu kwa shahidi mmoja. Lakini dini ina njia yako. Kama kweli umeuona, kesho kwako ni Idi na kufunga ni haramu. Kula, ila jifiche, usijitie kwenye midomo ya watu. Na kama hukuuona, funga na wenzio. Kati yako na Mola wako, mimi simo."

Siku ya thelathini niliamka nikamkuta ameketi kitandani, amevaa kanzu ya Idi aliyoipiga pasi tangu wiki iliyopita. Nilikwenda mjini, nikarudi adhuhuri, nikamkuta vile vile, na mezani mbele ya kompyuta pana sahani yenye andazi moja na kikombe cha maji. Aliniambia nirudishie pazia. "Nikifunga leo," alisema, "nimejishuhudia mwenyewe kuwa jana nilisema uongo. Nikila, na ikawa sikuuona, nimekula Ramadhani." Nilimuuliza swali ambalo rafiki angeliuliza jana yake kabla ya kufika barazani. "Zahoro, uliuona?" Alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu mpaka nikasikia Bi Mashavu akimaliza kutwanga kitu jikoni. "Jana nilikuwa na hakika," alisema. "Ulipojibu wewe, hakika ikanitoka. Sasa nikifumba macho naiona ile picha tu." Kisha akalichukua lile andazi, akasema bismillahi, akalimega.

Bi Mashavu hakuwa na tabia ya kubisha hodi. Nyumba ni yake na pepeo ni lake. Alifunua pazia akamkuta mdomo umejaa. "Astaghfirullah! Zahoro! Mchana kweupe?" Zahoro alijaribu kumeza ili ajibu, akapaliwa, akanywa maji, na kila alichofanya kilizidi kumharibia. "Leo Idi, bibi," alisema mwishowe. Bi Mashavu alinitazama mimi, mimi niliyefunga. "Idi ya nani?" Hakuwa mbaya, na nadhani hakumwambia ila mtu mmoja. Lakini alasiri watoto walikuwa nje ya dirisha letu wakiimba kobe, kobe, jina tunalompa anayekula kwa kificho mwezi wa Ramadhani, na lile la mpaka rangi likawa limefunikwa na baya zaidi. Jioni ile mwezi uliandama kila mtu akiuona, mnene, juu sana, ukakawia kuzama. Wazee waliutazama wakaguna. "Huu wa jana huu," nilisikia mmoja akisema, na mwingine akamjibu, "Kila mwaka mnasema hivyo." Hakuna aliyekwenda kumwambia Zahoro.

Baada ya Idi, maharusi walianza kuikwepa studio. Mama mmoja aliuliza kama atapigwa picha na "yule asiyefunga". Mwenye studio alimvumilia kidogo, kisha hakumvumilia. Zahoro aliuza lenzi, akahamia Pangani kwa mjomba wake, akajifunza kutengeneza simu. Hakupiga picha tena, ya mbingu wala ya ardhi. Mimi nilikwenda chuo, nikawa mwalimu hasa, nikaoa, nikazeeka. Tulikutana kwenye harusi na misiba tukasalimiana vizuri. Mara moja tu, tukinawa mikono kwenye beseni moja, nilijaribu kulianza lile jambo, akanikatiza. "Ulisema ulichokiona," aliniambia, na akanipa taulo. Angenitukana ningelala.

Najuta. Nimejaribu maneno mengine, hakuna linalofaa. Sijuti kwamba sikudanganya mbele ya Shehe, maana siku ile singeweza. Ninachojutia ni mwaka mzima uliotangulia, ule utani wa mvuvi nilioubeba mjini, zile hesabu zangu, jinsi nilivyomzoesha kila mtu kutomwamini, mpaka ilipofika zamu ya neno lake hapakuwa na wa kulipokea. Na kuna jingine. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikirudi kutoka Moa nyuma ya bodaboda, jua limezama, vumbi la kiangazi limetanda, nikauona mwezi mwandamo chini kabisa juu ya vilima. Nilimwomba kijana asimame. Ulikuwa na rangi ya dhahabu. Vumbi na moshi huufanya hivyo mwezi ulio chini, jambo ambalo mwalimu wa fizikia alipaswa kulijua, na mimi sikulikumbuka barazani pale lilipohitajika. Kwa hiyo sijui. Huenda aliona kwenye kioo, huenda aliona mbinguni. Shahidi pekee aliyekuwa naye alikuwa akifuta miwani.

Tulimzika Zahoro kukiwa na manyunyu. Nilibaki Pangani mpaka khitma, nikilala barazani na wanaume wengine, tukinywa kahawa na kusimuliana namna alivyofufua simu zilizotumbukia mtoni. Baada ya khitma, Mwanahawa aliniita ukumbini. Ni mtu mzima sasa, ana macho ya baba yake na hazungushi maneno. Alikaa kwenye mkeka mbele yangu. "Ami, baba aliniachia wosia, na mmoja unakuhusu. Kuna siku moja ya Ramadhani alikula, zamani, mlipokuwa Tanga. Hakuilipa. Kila akitaka kuilipa anasema, nikilipa nimekiri uongo, na nisipolipa pengine nadaiwa." Alivuta mtandio. "Akaniambia, nikifa muulize Bakari. Akisema niliuona mwezi, sidaiwi, mniache. Akisema sikuuona, nifungie hiyo siku. Alisema yule hawezi kusema asichokiona."

Kwenye chumba cha ndani wanawake walikuwa wamenyamaza, na nilijua wanasikiliza, kwani nami nimeishi mwaka mzima kwenye dirisha la kusikilizia. Nilitaka kusema sijui. Ndilo jibu la kweli, na ningelitoa kwa mwanafunzi yeyote. Lakini nilimwona akiningoja, kwa utulivu ule ule, na jibu langu tayari lilikuwa limekwisha pokelewa usoni mwake kabla sijalitoa.

"Aliuona," nilisema.

"Na wewe?"

"Na mimi niliuona. Tuliuona wote wawili."

Alifunika uso kwa viganja, na mabega yakamshuka. Akanishukuru, akaingia ndani, nikamsikia akisema kwa sauti ya juu, "Hadaiwi! Ami Bakari mwenyewe amesema, walikuwa wawili!" Wanawake wakahimidi, mmoja wao akaanza kulia upya, na mimi nikabaki nimekaa pale pale nikitazama kucha zangu.

Usiku ule nilinuia kuifunga ile siku yake. Sijui kama funga ya rafiki inamfikia maiti bila idhini ya warithi wake. Yupo shehe pale Pangani ambaye ningeweza kumuuliza, lakini kumuuliza kungenilazimu nieleze, na kueleza kungemrudisha Zahoro barazani. Kama aliuona, nitakuwa nimeshinda na njaa bure. Alfajiri nilijilaza kwenye mkeka kwa kisingizio cha uchovu, nikaikwepa chai ya asubuhi kwa kwenda mtoni, na adhuhuri nikajifanya nina mazungumzo marefu na wavushaji wa kivuko. Niliporudi, wageni walikuwa wamekwisha kula. Mwanahawa alinijia na sahani ya wali na samaki, ameufunika kwa kawa, ameniwekea na limau.

"Ami, sijakuona ukila tangu asubuhi."

"Nimekula, mwanangu," nilimwambia.